Habari za Giriwala, Nchi ya Waliotazamwa

Shukrani zote ni zake Yeye aliyeyakita majabali ardhini yakatulia, akampa mwanadamu mkono mwepesi wa kuyachora na moyo mzito wa kuyaelewa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake, muda wote ambao kivuli kitalifuata jua. Namuomba Mola anayezijua siri za vifua aulinde ulimi wangu usizidishe wala usipunguze, kwani msafiri ana maradhi mawili: akifika ugenini hudharau, na akirejea kwao hutia chumvi.

Ama baada ya hayo, wenzangu tunaodurusu pamoja msikitini wamenitaka niwaandikie niliyoyashuhudia Giriwala, nchi ya wafuasi wa Budha, ambako hekalu lao la kale limechongwa ndani ya tumbo la jabali. Njia niliyoipita sitaieleza. Kila njia ina vumbi, na vumbi la huku ni sawa na la kule. Nitaeleza watu, kisha jabali, kisha mambo yaliyompata mtawa mmoja mzee aitwaye Revatha, aliyetaka kitu kimoja tu duniani na sheria ya nchi yake ikamkataza.

Watu wa Giriwala wamepangwa kwa daraja, na daraja hizo hazifuati nasaba, mali wala elimu. Pangoni mwao mna sanamu kubwa ya Budha, na daraja ya mtu hutokana na swali moja: je, sanamu hiyo imepata kumtazama? Juu ya wote wako Waliotazamwa. Hao ndio wazee wa Baraza na mahakimu. Hawapangi foleni kisimani wala hawakatizwi wanapozungumza. Chini yao wako Waliopitiwa, ambao jicho la sanamu liliwagusa likaendelea, kama mtu apitaye dukani asinunue. Hao ni makarani na walimu. Kisha wako Wanaotaraji, nao ndio wengi, na ndio wanaobeba mizigo ya wote. Na chini kabisa wako Wasiotazamwa. Nilidhani hao ni wahalifu. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba ni watu waliokwenda pangoni, wakarudi, wakaulizwa mbele ya Baraza wameona nini, wakajibu kwamba hawakuona kitu.

Msomaji atauliza: mtu hujuaje kwamba ametazamwa? Hapa ndipo penye sheria kuu ya nchi ile. Hapana mja aruhusiwaye kuielekea sanamu kwa uso. Huingia pangoni kinyumenyume, mgongo wake ukiwa upande wa sanamu, na mbele ya uso wake ameshika kioo. Humo kiooni, juu ya bega lake mwenyewe, ndimo huitafuta sanamu na kungoja itazame. Kioo cha Anayetaraji ni kidogo kama kiganja. Kioo cha Aliyetazamwa ni kipana kama sinia la biriani, na hubebwa na watumishi wawili wanaokwenda mbele ya uso wake, nao pia hutembea kinyumenyume, kwa tahadhari wasimkanyage mtu.

Nilitaka kujua asili ya desturi hiyo, nikaelezwa jambo lililonigusa. Katika zama za mwanzo, baada ya wachongaji kuimaliza sanamu, yalibaki macho tu kutiwa rangi. Mchoraji aliyepewa kazi hiyo alijiona mdogo mno. Aliona haya kusimama ana kwa ana na uso ule akiupaka rangi kama mtu apakaye mlango, kwa hiyo akaipa sanamu mgongo, akainua kioo, akayachora macho kwa kupitisha brashi juu ya bega lake. Alifanya hivyo mara moja, kwa unyenyekevu, akashuka jabalini akaenda zake. Waliokuja zama nyingi baada yake walikichukua kioo. Unyenyekevu hawakuuchukua, kwa sababu haukuwa na mahali pa kushikia.

Mtu wa kwanza kunisemesha nchini humo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Punyawati, aliyekuwa ameketi chini ya jabali akiuza mayungiyungi ya kupeleka hekaluni. Aliniangalia kanzu, akaniangalia kofia, akaniangalia mikono mitupu.

"Shikamoo, babu. Umetazamwa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimetazamwa na nani?"

Akacheka mpaka maji ya maua yakamwagika. "Huyu kweli mgeni! Hapa hiyo ndiyo salamu. Mtu hukuuliza umetazamwa, nawe humjibu nimetazamwa, kisha hukuuliza kwa muda gani, hapo ndipo unapoanza kusema uongo."

"Na wewe umetazamwa?"

"Mimi nilipelekwa nilipokuwa mwari. Nilishika kioo mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaona chunusi zangu, babu, na mojawapo ilikuwa hapa puani, kubwa! Baraza likaniuliza, binti, umeona nini? Nikasema, chunusi. Basi tangu siku hiyo nauza maua."

"Na ungesema umetazamwa?"

"Ningekuwa naletewa maua nyumbani, na wewe usingethubutu kuniita mwanangu."

Nikacheka nami, nikampa baraka, nikapanda.

Sasa nieleze jabali, nami nakiri kwamba lugha yangu haikutosha siku ile na haitoshi leo. Ni jiwe moja, jeusi, refu, lililolala juu ya msitu kama mnyama aliyepiga magoti. Chini ya paji lake kuna ufa mpana wenye giza. Juu ya ufa huo wahenga walichonga mfereji mwembamba kwenye paji la jiwe, ili mvua ishukayo ikifika pale ikatike na kudondoka nje, isiingie ndani. Nilisimama chini ya mfereji huo kwa muda. Hauna nakshi wala hauna jina la aliyeuchonga. Ni mstari tu, lakini ndio uliolinda kila kilichomo ndani kwa karne zote hizo. Nikawaza kuhusu watu walioning'inia hapo juu kwa kamba, wakigonga jiwe ili wajukuu wa wajukuu wao wasilowe.

Nilivua viatu mlangoni, kama nivuavyo kwetu, jambo ambalo liliwapendeza. Lakini hapo hapo nikazuiwa na Mkuu wa Vioo, mtu mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Wimalasuri, ambaye ndiye pia msemaji wa Baraza.

"Kioo chako kiko wapi, Shekhe?"

"Sina."

"Unaiabudu sanamu yetu?"

"La. Mimi namuabudu Mungu mmoja asiye na mfano."

"Unaidharau?"

"La, sikuja kudharau."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kuiona kazi ya waliotangulia, na kumkumbuka Aliyewaumba."

Hilo likawashughulisha. Waliitana pembeni, wakabishana. Mmoja alisema nipewe kioo kidogo. Mwingine akasema kioo ni cha mja, na nikipewa nitakuwa nimeingizwa dini nisiyoitaka, na hiyo ni dhuluma. Wa tatu akauliza kama sheria inamtaja mgeni asiyeabudu, wakakumbuka kwamba haimtaji. Mwishowe Wimalasuri akarudi, akanijulisha hukumu kwa adabu kamili: kwa kuwa mimi si mja wa sanamu, basi mbele ya sheria mimi ni sawa na popo wa pangoni, aingiaye na kutoka bila kuulizwa ameelekea wapi.

"Hatukukusudia kukutukana, Shekhe."

"Popo naye ni kiumbe wa Mungu," nikamjibu, nikaingia.

Ndani mlikuwa na ubaridi wa kisima. Dari la pango ni jiwe lenye mikunjo, na wachoraji wa kale hawakulisawazisha, walichora kwa kuifuata mikunjo yake, kwa hiyo lile jiwe linaonekana kama kitambaa kilichotandikwa na upepo ukakiinua. Ungedhani ukipumua kwa nguvu kitatikisika. Kuta zote zimejaa maua mekundu na watawa waliochorwa safu kwa safu, kila mmoja na uso wake. Maji hudondoka kutoka mahali pamoja darini, tone moja moja, ndani ya bakuli la jiwe, na mlio wa kila tone huzunguka pango zima kabla ya kunyamaza. Katika mwisho wa pango, katikati ya taa za mafuta, imeketi ile sanamu. Haikuletwa hapo. Ilikuwamo ndani ya jabali tangu kuumbwa kwa jabali, wao waliondoa tu yasiyohitajiwa.

Sikusujudu, wala hakuna aliyenitaka nisujudu. Niliwaza: huyu ni mwanadamu, aliyeumbwa kwa udongo, na ameweza kulifanya jiwe linyamaze namna hii, basi ukimya wa Yule aliyemuumba huyo mwanadamu ukoje? Ubeti huu ulinijia papo hapo, nikausoma kimoyomoyo:

Jabali limeinama,
kama mtu wa hekima;
mikono imeshakoma,
alama imesalia.

Kisha nikautazama uso. Nami nasema kama nitakavyosema Siku ya Hesabu: sanamu ile haimtazami mtu. Macho yake yameinama. Kope zimeshuka, na kilichobaki wazi, kile ambacho mchoraji wa kale alikipaka kwa kioo na kwa haya, kinaelekea chini, kwenye viganja vyake mwenyewe vilivyolala mapajani, kimoja juu ya kingine. Ni macho ya mtu aliyejishughulisha na nafsi yake. Na mbele ya sanamu, kwenye sakafu ya jiwe, niliona mabonde madogo yaliyolika, laini kama kizingiti cha msikiti wa kale. Watu waliketi hapo. Wahenga wa nchi ile, kabla ya vioo, waliketi wameielekea sanamu, miaka kwa miaka, mpaka jiwe likachukua umbo la kuketi kwao.

Kando yangu alikuwa amesimama mlinzi wa pango, mtawa Revatha, mzee mwembamba mwenye joho la rangi ya manjano. Alikuwa ameipa sanamu mgongo kama ilivyo sheria, na kioo kimeinuliwa karibu mno na uso. Nikaona kwa nini. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa, na la kulia limeanza.

"Mgeni," akaniambia kwa sauti ndogo, "uko mbele ya uso wake?"

"Niko, baba mtawa."

"Usiniambie ulichokiona."

"Sitakwambia."

"Mama yangu alinileta hapa nikiwa mtoto. Nimefagia pango hili, nimejaza taa zake, nimebadilisha maua yake. Sijapata kuuona uso wake ila kupitia bega langu, nao umegeuzwa, kulia kushoto, kushoto kulia. Mganga anasema jicho lililobaki litafika msimu wa mvua, halitauvuka. Nataka kumwona mara moja, kwa unyofu, kabla taa yangu haijazimika. Nikigeuka bila idhini nitafukuzwa jabalini, na sina kwingine nilikopata kulala. Kwa hiyo nimeomba idhini."

"Nikikueleza mimi, je, haitatosha?"

Akatabasamu. "Shibe ya jirani haimshibishi mwenye njaa, Shekhe."

Ombi lake lilisikilizwa barazani siku iliyofuata, nami nikaruhusiwa kuhudhuria. Wazee wa Baraza la Giriwala huketi kwa duara, migongo ikielekeana, kila mmoja na kioo chake. Anayetaka kumjibu mwenzake humtafuta kwanza kiooni. Aghalabu humkosa, akajiona mwenyewe, akajijibu mwenyewe, na kikao kikaendelea.

Mzee Somapala, aliye mkubwa wao kwa umri, alisema kwamba macho ya sanamu yana nguvu isiyostahimilika, na mtu akiyakabili uso kwa uso atateketea.

"Nimekwisha kuwa mzee," Revatha akajibu. "Kilichobaki cha kuteketea ni kidogo."

Mwingine akauliza: ikiwa mlinzi atageuka leo kwa ugonjwa wa macho, kesho si atakuja mwenye ugonjwa wa shingo? Mwingine akataka kujua kama Revatha amewahi kutazamwa na sanamu hata anadai heshima kubwa hivyo. Vioo vikainuliwa kumtafuta, maana mlinzi wa pango hudhaniwa kuwa Aliyetazamwa kuliko wote.

"Hakupata kuniangalia," Revatha akasema.

Nikaona vioo vikigeuzwa upande.

Walishauriana mpaka jua likapinduka. Kisha Wimalasuri akasimama kutoa hukumu, na uso wake kiooni ulikuwa wa huruma ya kweli, kwani hakuwa mtu mbaya. Alisema Baraza limeguswa na utumishi wa mtawa Revatha. Kwa hiyo ameruhusiwa kugeuka na kuikabili sanamu kwa muda autakao, tangu siku ile ambayo waganga watathibitisha kwamba macho yake yote mawili hayaoni tena. Asiyeona, akasema, havunji sheria ya kuona.

Wote wakaipongeza hukumu hiyo kwa kuwa imeunganisha rehema na sheria. Revatha akainama, akashukuru, akatoka akipapasa ukuta. Punyawati, aliyekuwa akingoja nje na kapu lake, alimuuliza wamesema nini, naye akamweleza.

"Wamekupa kitana baada ya kukunyoa," Punyawati akasema. "Baba, geuka! Nani atakuona? Pale ndani kila mtu ana kazi na pua yake."

Mzee akarudi pangoni kujaza taa.

Ikafika siku ya mwezi mpevu, iliyo kubwa kwao. Asubuhi yake pango lilijaa watu wa daraja zote, wamepangwa mbele na nyuma kwa ukubwa wa vioo, wote wameipa sanamu migongo. Nilisimama ubavuni, karibu na ukuta, nikisikia vilio vya chini vya watu wakimwambia kila mmoja jirani yake: "Imenitazama! Imenitazama sasa hivi!" Revatha alikuwa nyuma ya wote, yaani karibu na sanamu kuliko wote, akiongoza kisomo chao. Nikamwona anainama. Akakilaza kioo chake sakafuni taratibu, kama mama alazaye mtoto aliyesinzia. Akanyoosha mgongo. Akageuka.

Alisogea mpaka akawa chini ya uso ule, akainua jicho lake moja. Sauti yake ya kisomo haikukatika, ila ilibadilika, ikawa ya mtu asomaye kwa kuelewa. Kisha ikashuka, ikanyamaza, na wengine wakaendelea bila kujua kwamba kiongozi amewaacha. Aliketi katika moja ya yale mabonde ya sakafuni, nalo likampokea kana kwamba lilipimwa kwake. Nilikuwa karibu, nikamsikia anasema: "Maisha yangu yote nakuletea uso wangu, kumbe hukuuomba." Machozi yake hayakuwa ya huzuni. Nimeona watu wakilia hivyo mbele ya Kaaba, nao ukiwauliza wanalilia nini hawajui.

Sijui alikaa muda gani. Angesimama salama na jambo lingepita, lakini mzee Somapala, akirudi kinyumenyume ili sanamu ionekane kubwa zaidi kiooni mwake, akakikanyaga kile kioo kilicholazwa. Kikavunjika. Mlio wake ulizunguka pango kama tone la maji, ila huu haukunyamaza upesi.

Alasiri Baraza likaketi kumhukumu. Kioo cha mlinzi kimekutwa sakafuni. Basi mlinzi alikuwa akiangalia nini, na kwa nini? Adhabu ilikuwa moja, kushushwa jabalini kabla ya giza. Wimalasuri akauliza, ni nani aliyemwona mtawa Revatha akigeuka?

Hakujibu mtu. Nami nikafahamu sababu polepole. Kila aliyekuwapo angeweza kumwona kiooni. Lakini atakayesema amemwona mtawa atakuwa amekiri kwamba hakuwa akiitazama sanamu wakati ule. Na ambao kwa hakika hawakumwona walikuwa wengi zaidi, kwa sababu walikuwa wakijitazama wao.

"Mimi niligeuka," Revatha akasema, akiwa amesimama katikati. "Msisumbuke kutafuta."

Somapala akapinga. Ushahidi wa kuona, akasema, hautolewi na mwenye jicho bovu, hata kwa jambo lake mwenyewe.

"Juzi mlisema naona mno," Revatha akasema. "Leo mnasema sioni. Nipangieni basi siku ya kuwa na macho."

Hapo msemaji akanigeukia mimi. "Yuko mgeni. Hakuwa na kioo, na alikuwa ubavuni. Shekhe, utatoa ushahidi?"

Nikisema kweli, mzee aliye karibu na upofu atashushwa kutoka katika nyumba pekee aijuayo, kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimeuficha ushahidi, nasi tumeonywa kwamba mwenye kuuficha moyo wake unaingia dhambini. Niliomba muda nikasali, wakanipa. Nilipomaliza, Revatha alikuwa amekaa kando ya mkeka wangu.

"Usinisitiri kwa uongo, Shekhe," akanong'ona. "Uongo ninao wa kutosha, nimeishi ndani yake. Sema yote uliyoyaona. Yote, usiache."

Nikasimama mbele ya ile migongo.

"Aligeuka?" Wimalasuri akauliza.

"Aligeuka."

Minong'ono ikapanda. Akaniashiria nikae, akidhani nimemaliza.

"Sijamaliza, Mheshimiwa. Mnataka ushahidi wa macho, nami nilikuwa nimeielekea sanamu kama yeye. Aligeuka, akaketi, akautazama uso wake. Na uso huo hautazami mtu. Macho yameinama, yanaangalia viganja vyake. Hayakuinuka kwa mtawa, hayakuinuka kwangu, wala hayakuinuka kwa mtu yeyote aliyekuwamo pangoni leo. Yalichorwa hivyo. Hayo ndiyo niliyoyaona, na Mungu ni shahidi juu yangu."

Niliona, kioo kimoja baada ya kingine, nyuso za wazee zikibadilika. Hawakuonekana kushangaa. Walionekana kama watu walioamini kwamba kila mmoja wao ni mwongo peke yake, na sasa wamejua kwamba wako wengi.

Mzee Somapala ndiye aliyezungumza kwanza. "Ushahidi," akasema, "haukatwi vipande. Ukiupokea kichwa, umeupokea na mkia."

"Kweli," wote wakajibu, upesi.

"Tukikubali kwamba mtawa aligeuka, itatubidi tukubali na... na mengine."

"Kweli, kweli."

"Basi Baraza haliwezi kuupokea ushahidi wa mgeni, si kwa sehemu wala kwa ukamilifu. Mtawa Revatha hakugeuka. Hakuna aliyegeuka. Kioo kilianguka kwa ajili ya umri wa mtawa, naye atapewa kingine."

Hukumu ikapita bila mpinzani. Mzee akarudi pangoni kwake.

Nilipokuwa nikishuka, Wimalasuri alinifuata peke yake, bila watumishi, bila kioo. Alitembea kando yangu mpaka tulipofika chini ya ule mfereji wa mvua.

"Shekhe. Kweli yameinama?"

"Kweli."

"Hata kidogo hayainuki?"

"Hata kidogo, ndugu yangu."

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mke wangu nilimwoa kwa sababu ya kule kutazamwa," akasema, akageuka, akapanda tena.

Niliendelea kukaa Giriwala mpaka mvua za mwanzo. Jicho la Revatha lilizimika kama mganga alivyosema, na Baraza likamletea kwa heshima ile idhini yake ya kugeuka, naye akaipokea kwa adabu. Lakini tangu asubuhi ile ya mwezi mpevu alikuwa hajaketi tena vinginevyo. Kila siku hukaa katika bonde lake la jiwe ameielekea sanamu, na hakuna amwonaye, kwa kuwa amwonaye atajitia aibu. Siku moja nilimkuta Punyawati ameketi bonde la pili yake, kapu liko kando, amenyamaza, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Baada yake wakaja wengine wachache. Waabudu wengine bado huingia kinyumenyume na vioo vyao, na wanapowafikia hao waliokaa, huwazunguka kwa uangalifu mkubwa, wakiombana radhi viooni, kama watu wazungukao mti.

Nilimuaga Revatha na uso wake ukiwa umeelekea mbele. Nilimuuliza kama anajuta kwamba alichokipata kilidumu siku chache tu.

"Bado nakiona," akasema. "Ila sasa hakuna wa kunigeuza."

Ewe Mola, Mwenye kuona bila kuonekana, hao niliowaacha kule ni viumbe vyako, na rehema yako ni pana kuliko dini yangu ninavyoifahamu. Mpe utulivu mzee aliye gizani, na umwongoze kwa nuru yako uitakayo. Mpe mwanamke wa maua siku nyingi za kucheka. Wahurumie wazee wa Baraza, maana mikono yao imechoka na vioo ni vizito, na ulihifadhi jabali lile na mvua. Na sisi, popote tuliposimama mbele yako leo, tuelekeze nyuso zetu kwako kabla macho hayajafumba. Amina.